Pointi Sita za Takataka

Nilikuwa kidato cha tatu nilipovishwa kitambaa cha unahodha. Mwalimu wa michezo alinishika bega mbele ya shule nzima gwarideni, akasema kwamba uwanja hufundisha yale ambayo darasa haliwezi kufundisha. Wiki mbili baadaye, michezo ya muhula wa pili ilipokaribia, aliletwa kijana mmoja mrefu ambaye hakuna aliyewahi kumwona shuleni. Alipewa sare, kitanda bwenini mwetu na jina la mwanafunzi aliyekuwa amehama. Kila mtu alijua. Hata neno la kumwita tulikuwa nalo: mamluki.

Ili mamluki apate nafasi, beki wetu wa kushoto aliachwa nje. Alikuwa rafiki yangu tangu tulipokuwa tukipiga mpira wa juala mtaani, kabla hata ya kuanza shule. Jioni ile tukifua soksi mferejini aliniuliza kama ningesema neno. Nikamjibu, "Ngoja kwanza tufike kaunti." Tukafika kaunti, tukatwaa kombe. Picha ilipopigwa, mimi ndimi niliyelishika. Yeye alikuwa pembeni, akikusanya chupa za maji.

Sasa nasoma shahada ya uzamili katika historia, na tasnifu yangu inahusu michezo ya vijana nchini Kenya. Katika hati karibu zote ninazosoma nakutana na sentensi ya mwalimu wangu, ikiwa imevaa nguo tofauti: michezo hujenga tabia, huzaa viongozi, hufundisha umoja. Huwa naisoma nikikumbuka zile chupa za maji. Ndipo nikaanza kuuliza imani hii ilitoka wapi, na ni nani aliyewahi kuichukua kwa uzito kiasi cha kuitungia kanuni.

Kwa upande wetu, njia yake inapita Uingereza ya karne ya 19. Katika shule za bweni za watoto wa matajiri, michezo ya timu iligeuzwa kuwa somo la maadili. Jina linalotajwa sana ni la Thomas Arnold, aliyekuwa mkuu wa shule ya Rugby kuanzia 1828 hadi 1842. Cha ajabu ni kwamba Arnold mwenyewe hakushughulika sana na michezo. Alijali zaidi dini na nidhamu ya viranja. Sifa hiyo ilimfuata baada ya kifo chake, hasa mwanafunzi wake wa zamani Thomas Hughes alipochapisha riwaya kuhusu maisha ya shule hiyo mwaka wa 1857. Mfaransa Pierre de Coubertin aliyaamini hayo, akaenda kuzitazama shule za Uingereza, na imani hiyo ikawa sehemu ya yaliyomsukuma kufufua Olimpiki mwaka wa 1896.

Kwetu iliingia na wamishonari na walimu wao. Edward Carey Francis aliacha kazi ya kufundisha hisabati Cambridge, akaja Maseno mwaka wa 1928, kisha akaongoza Alliance High School kuanzia 1940 hadi 1962. Alipenda kandanda na aliitumia kama alivyotumia hisabati, kunyoosha watu. Katika mfumo huo, kijana alijifunza kutii filimbi, kumtanguliza mwenzake na kushindwa bila kununa. Si haki kuyadharau mafunzo hayo. Wengi waliopitia Alliance walikuja kuwa mawaziri, majaji na waandishi wa nchi huru. Lakini filimbi ilikuwa mdomoni mwa nani? Mvulana aliweza kuwa nahodha au kiranja, akaongoza wenzake kwa ustadi, ndani ya kanuni ambazo hakuruhusiwa kuzigusa. Nikijitazama nikiwa kidato cha tatu, naona nilikuwa mrithi kamili wa shule hiyo ya fikra. Nilijua kupanga foleni na kupiga makofi. Kumwambia mwalimu "hapana" hakukuwa sehemu ya unahodha.

Mfano wa pili nilioupata uko Nairobi, mwendo wa matatu tu kutoka ninaposoma. Mwaka wa 1987, Bob Munro, raia wa Kanada aliyekuwa mshauri katika masuala ya mazingira, alishirikiana na vijana wa Mathare kuanzisha ligi ya watoto. Likazaliwa shirika la Mathare Youth Sports Association, ambalo watu wengi hulijua kama MYSA. Msingi wake ulikuwa makubaliano ya wazi: ukifanya kitu, nasi tutafanya kitu, usipofanya kitu, hutapata kitu.

Mathare ya wakati huo, kama sehemu nyingi za mabanda hata leo, haikufikiwa na magari ya taka. Mitaro ilijaa, mvua iliponyesha uchafu uliingia majumbani, na watoto wakaugua. Mapema kabisa ligi ilianza kutuma timu zake kusafisha mtaa. Hapo ndipo ilipotungwa kanuni iliyonifanya niweke kalamu chini nilipoisoma. Timu ikishinda mechi, inapata pointi tatu, kama ilivyo popote. Ikimaliza kazi yake ya usafi, inapata pointi sita, nazo zinaingia katika msimamo uleule wa ligi.

Maana yake ni kwamba timu yenye washambuliaji hatari kuliko wote, ikikataa kushika sepetu na toroli, inaweza kupitwa na timu inayofungwa lakini inayojitokeza asubuhi kuzibua mtaro. Hakuna hotuba. Mtoto wa miaka 11 anajua kusoma msimamo wa ligi, na msimamo unamwambia ni kitu gani kina thamani hapa.

Kanuni nyingine zilifuata mkondo huo. Waamuzi walipewa kadi ya kijani ya kumpa mchezaji aliyeonyesha uungwana uwanjani. Aliyelambwa kadi nyekundu alitakiwa kwenda kuchezesha mechi za wadogo kabla ya kurudi kucheza, aonje utamu wa kutukanwa ukiwa na filimbi. Vijana waliojitolea kufundisha timu au kuchezesha mechi walikusanya pointi zilizoweza kuwaletea karo, na fedha hizo zililipwa shuleni moja kwa moja. Uongozi wa ligi za mitaa uliachwa mikononi mwa vijana wenyewe, wengine wakiwa bado na sare za shule.

Haikuwa safari nyepesi. Wasichana waliingizwa mwaka wa 1992, na hapo lilijitokeza jambo ambalo wavulana hawakuwa wamelazimika kulifikiria: nani atabaki na mtoto, nani atateka maji, nani atapika, kama dada yuko mazoezini? Ilibidi wazazi washawishiwe, nyumba kwa nyumba. Mwaka huohuo MYSA ilitunukiwa tuzo ya Global 500 ya shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira. Mwaka wa 1994 ikaundwa Mathare United, ambayo wachezaji wake nao walidaiwa saa za kazi ya jamii. Klabu hiyo ilitwaa Kombe la Moi Golden mwaka wa 1998 na 2000, kisha ubingwa wa ligi kuu mwaka wa 2008. Waliosema kwamba ukichanganya usafi na soka utaharibu soka walipata jibu lao.

Mwanahistoria hatakiwi kupenda somo lake hadi awe kipofu. Takataka zilizoondolewa Jumamosi zilirudi Jumanne, kwa kuwa kazi ya kuzoa taka ilikuwa ya baraza la jiji, si ya watoto. Tena mtu anaweza kuuliza: tabia inayonunuliwa kwa pointi ni tabia kweli? Swali hilo nilimpelekea mzee mmoja wa makamo aliyewahi kuchezesha ligi hizo akiwa kijana. Tulikaa kando ya uwanja wa vumbi, watoto wakicheza. Alicheka kidogo.

"Kijana wangu," akasema, "kwani shuleni kwenu hakukuwa na pointi?"

"Zilikuwapo."

"Za nini?"

"Za mabao."

"Basi nanyi mlinunuliwa. Tofauti ni bei tu."

Sikuwa na jibu. Shule yetu iliposema uwanja hujenga tabia, ilisema kweli. Msimu ule ulinijenga. Ulinifundisha kwamba kombe linafuta swali, kwamba rafiki anaweza kungoja, kwamba nahodha ni mtu wa kushika kombe pichani. Uwanja haubagui somo. Unafundisha kile kinacholipwa. Watu wa Mathare walilielewa hilo, wakaacha kuhubiri, wakabadilisha msimamo wa ligi.

Usiku wa siku ile nilimpigia simu beki wetu wa kushoto. Siku hizi ana duka la vipuri vya pikipiki, na tunasalimiana wakati wa sikukuu. Tulizungumza kuhusu mvua, kuhusu mama yake, kisha nikamwambia nilichokuwa nimepigia. Alinyamaza kwa muda.

"Yule jamaa mrefu sikuwahi kumkasirikia," akasema. "Hata yeye alikuwa anatafuta karo. Wewe ndiwe niliyekukasirikia. Kapteni alikuwa wewe."

"Najua," nikasema. "Nisamehe."

"Miaka yote hiyo ulikuwa unangoja tufike wapi?"

Nilicheka, naye akacheka, lakini si kicheko cha kumaliza mambo. Ameniambia nikienda nyumbani Desemba nipitie dukani. Vijana wa mtaa wake wameanzisha ligi ndogo, na wanatafuta mtu wa kuwasaidia kuandika kanuni.