Mgongo wa Kijana wa Turkana

Agosti 1984, magharibi ya Ziwa Turkana, Kamoya Kimeu aliona kipande kidogo cha fuvu kando ya mto Nariokotome. Mto ulikuwa mkavu, changarawe tupu. Wewe na mimi tungekikanyaga tukapita. Kimeu aliinama. Walipochimba wakapata mifupa mingi ya mvulana aliyekufa miaka kama milioni 1.5 iliyopita.

Watu walishangaa urefu wake, sentimita 160 hivi, ilhali meno yanaonyesha hakuwa amefika miaka kumi. Mimi huvutiwa zaidi na kiuno. Misuli huoza, lakini umbo la mfupa linakwambia ilivutia wapi. Mfupa wa nyonga wa sokwe umeelekea nyuma, kwa hivyo misuli ya makalio humvuta mguu nyuma, na akitembea kwa miguu miwili anayumba kama mlevi. Wa kijana huyu umepinda kuja ubavuni, kama wako. Hebu simama, weka mkono kwenye nyonga ya kulia, kisha inua mguu wa kushoto. Hiyo misuli inayokaza chini ya mkono wako ndiyo inazuia kiuno kisilalie kushoto. Inafanya hivyo kila hatua, kutoka kwa nyumba hadi steji, na hakuna anayeishukuru.

Shida ilikuja kwenye uti wa mgongo. Pingili za kiunoni zilihesabiwa sita, na sisi kwa kawaida tuna tano. Mbavu nazo hazikulingana kulia na kushoto. Wataalamu wengine wakasema basi, huyu alizaliwa mgonjwa. Si jambo dogo hilo, maana kama mwili wake ulikuwa na kasoro, ungetufundisha nini kuhusu wenzake?

Ndipo Martin Haeusler na wenzake wa Chuo Kikuu cha Zurich wakaipanga mifupa upya, pingili kwa pingili, ubavu kwa ubavu. Kumbe baadhi ya mbavu zilikuwa zimewekwa pasipo pake! Matokeo yao ya 2011 na 2013 yanasema pingili za kiunoni ni tano na ule upogo unatoweka.

Lakini hawakumwachilia hivi hivi tu. Waliona dalili za diski ya kiunoni iliyochomoka, pengine baada ya kuumia, na wanadhani ilimletea maumivu ya mgongo yaliyoshuka hadi mguuni. Ukimwambia mtu hivi anajibu mgongo huletwa na viti vya ofisi. Sawa, kukaa siku nzima hakusaidii, lakini huyu mtoto hakuwahi kuona kiti.

Kimeu alifariki 2022. Mifupa iko Makumbusho ya Kitaifa, Nairobi. Ukibahatika kuiona, usiishie kwenye fuvu. Shuka mpaka kiunoni.