Majina ya Viumbe wa Bahari katika Mrima

Mkusanyaji wa viumbe, awe mtaalamu mwenye makabati ya chupa au kijana achezaye na viumbe wa kubuni katika simu yake, hukutwa na haja moja: viumbe wakizidi kuwa wengi, jina ndilo mlango wa kuwapatia. Jina lisilopambanua ni sawa na kutokuwa na jina. Katika makala haya nakusudia kueleza jinsi haja hiyo ilivyotimizwa kwa njia mbili katika pwani ya Mrima, hasa pande za Zinga na Bagamoyo, na jinsi njia hizo zilivyokutana na kuachana.

Njia ya kwanza ni ya wavuvi. Msingi wake ni jina la jamii lifuatwalo na neno la kupambanua. Changu ni jamii. Changu doa ni yule mwenye baka jeusi ubavuni. Papa ni jamii. Papa potwe ni yule apitaye samaki wote kwa ukubwa, na papa upanga ni yule mwenye pua ndefu iliyopangwa meno kandokando. Mpango huo wa maneno mawili, la jamii kwanza na la kupambanua baadaye, wafanana na ule wa Carl Linnaeus wa Uswidi, ambaye chapa ya kumi ya kitabu chake, Systema Naturae, ya mwaka 1758, ndiyo kianzio cha majina ya wanyama katika sayansi. Hapana haja ya kudhani kwamba mmoja alimwiga mwenzake: haja moja ilizaa dawa moja.

Lakini vipimo havikuwa vimoja. Mvuvi humweka papa upanga kwa papa kwa sababu ya umbo lake. Mtaalamu humweka kwa taa, kwa kuwa matundu yake ya kupumulia yako upande wa tumbo, si ubavuni. Matumizi nayo ni kipimo. Ng'amba ni kasa, lakini amepata jina lake peke yake, kwa ajili ya magamba yake yaliyokuwa bidhaa ya thamani. Periplus ya Bahari ya Eritrea, kitabu cha Kiyunani cha karne ya kwanza, chataja magamba ya kasa miongoni mwa bidhaa za Rhapta, bandari ya pwani hii. Biashara ya magamba hayo baina ya nchi na nchi sasa imekatazwa, ila jina limedumu.

Njia ya pili, ya wataalamu, haikuanza kwa kuwadharau wavuvi. Peter Forsskål, mwanafunzi wa Linnaeus, alikusanya samaki wa Bahari ya Sham na kuwaandika kwa majina aliyoyasikia kwa Waarabu. Alifariki Yemeni mwaka 1763, na kazi yake ikachapwa mwaka 1775. Kwa hiyo changu doa wetu huitwa na wataalamu wa dunia nzima Lethrinus harak, na pono mmoja huitwa Scarus ghobban. Harak na ghobban ni maneno ya Kiarabu yaliyovishwa kanzu ya Kilatini.

Baadaye desturi ya kumheshimu mkusanyaji ilipata nguvu. Mwezi wa Aprili 1890 Emin Pasha na Franz Stuhlmann walitoka Bagamoyo kwenda bara, na wote wawili walikuwa wakusanyaji hodari wa wanyama. Mnyama mdogo mfano wa fuko alipewa mwaka 1894 jina la Chrysochloris stuhlmanni. Neno hilo la pili latukumbusha mtu, wala halitwambii lolote juu ya mnyama mwenyewe, makao yake wala mwendo wake.

Aliyeziunganisha tena njia hizi mbili ni Padre Charles Sacleux, aliyefika pwani hii mwaka 1879 na kukaa katika misheni ya Bagamoyo, iliyoanzishwa mwaka 1868. Katika kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa, iliyotoka Paris mwaka 1939, alionyesha neno ni la lahaja gani, na mara nyingi aliweka jina la kitaalamu kando ya jina la wenyeji, yote mawili yapate kuonana.

Mfano huo wafaa kufuatwa hata leo, na faida yake si ya lugha peke yake. Mbegani, jirani ya Zinga, pana chuo cha uvuvi, na kila pwani penye mnada wa samaki pana hesabu ya mavuno. Aandikaye "changu" tu katika daftari huchanganya samaki wa namna nyingi. Mmoja akianza kupungua baharini, wingi wa wenzake utamficha. Basi mwenye kukusanya majina na alisikilize neno la pili la mvuvi, aliandike pamoja na mahali aliposikia, kisha alitafutie mwenzake wa Kilatini. Kwa Kilatini tutasikizana na dunia. Kwa neno la mvuvi tutajua ni samaki yupi hasa ametoweka Zinga.