Ugonjwa wa Yambuku Ulipungua kwa Nini?

Ugonjwa wa kuambukiza ukianza kupungua, twasikia watu wakisema: "Umechoka sasa." Je, ugonjwa huchoka? Tuangalie yaliyotokea Yambuku, kaskazini mwa Kongo, mwaka 1976, siku zile nchi ikiitwa Zaire.

Mwezi wa Agosti mwalimu mmoja wa shule ya misheni alishikwa na homa, akachomwa sindano ya malaria hospitalini. Tarehe 8 Septemba alikufa. Ugonjwa ule haujajulikana bado. Baadaye uliitwa Ebola, kwa jina la mto wa upande ule. Hospitali ya misheni ilikuwa na vitanda 120, na watu walitoka mbali kutafuta dawa. Kila asubuhi wagonjwa wa nje walitengewa sindano 5 tu. Akishachomwa huyu, sindano ikasuuzwa katika maji ya vuguvugu, akachomwa mwingine. Masista na wauguzi hawakujua hatari yake. Na tusiwahukumu upesi, kwani wengi wao walikufa kitandani mwa wale waliowatunza. Katika watumishi 17 walikufa 11. Mwisho wa Septemba hospitali ikafungwa kwa kukosa watu wa kazi.

Basi, tangu hapo hesabu ya wagonjwa ikaanza kushuka, kabla wataalamu wa ng'ambo hawajafika vijijini. Sababu ni hii. Wagonjwa 10 wakiambukiza watu 20, ugonjwa unakua. Wakiambukiza 5 tu, unakwisha polepole kama moto uliokosa kuni. Wataalamu walipouliza nyumba kwa nyumba, waliona kwamba katika watu 100 waliokaribiana na mgonjwa, kama 5 tu waliugua. Njia ya nyumbani ilikuwa nyembamba. Njia pana ilikuwa sindano, nayo ilizibwa siku ile milango ya hospitali ilipofungwa.

Na ile nyembamba wazee waliibana. Walikumbuka desturi ya siku za ndui, wakaweka vizuizi njiani, mgeni asiingie kijijini wala mwenyeji asitoke.

Mgonjwa wa mwisho alikufa tarehe 5 Novemba. Waliougua walikuwa 318, waliokufa 280. Lakini ugonjwa wenyewe haukuchoka hata kidogo: mwaka 1995 uliwaka tena huko Kikwit, tena ndani ya hospitali, ukapungua wauguzi walipopata glavu na vitambaa vya kufunika uso.