Kitwitwi wa Ihefu

Mtu wa pwani humhesabu kitwitwi kuwa ni ndege wake. Maji yakitoka, humkuta ufuoni akidonadona matope kwa mdomo wake mwembamba. Maji yakijaa, hajulikani alikokwenda. Huanza kuwasili mwezi wa 8 kutoka kaskazini ya Ulaya na Asia, na mwezi wa 4, kusi inapoanza kuvuma, hurejea kwao, mfano wa jahazi lijualo misimu yake. Lakini si wote wa jamii yake watuao baharini. Wapo wakatao bara hadi bonde la Usangu, Mbeya, kiasi cha mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, penye kinamasi kiitwacho Ihefu.

Ihefu hunyweshwa na mito ishukayo kutoka milima ya Uporoto na Kipengere. Maji yake hupita mlango mmoja, mwamba wa Ng'iriama, yakawa Ruaha Mkuu. Yakaingia Iringa, yakajaza bwawa la Mtera, na hatimaye yakaungana na Rufiji na kumwagika baharini mkabala wa Mafia. Basi hata tope la delta analodona kitwitwi wa pwani lina nasaba na Usangu. Vyaelea, vimeundwa.

Mwaka 1993 Ruaha Mkuu ulikatika ndani ya hifadhi, na tangu hapo ukawa hukatika kila kiangazi. Lawama zikatafutiwa mwenyewe. Wafugaji walilaumiwa kwa ng'ombe wao, wakulima kwa mifereji ya mpunga. Mwaka 2001 Waziri Mkuu Frederick Sumaye alitangaza, akiwa London, kwamba kufikia 2010 mto ungetiririka mwaka mzima. Kuanzia 2006 wafugaji waliondolewa, wengi wakielekezwa Lindi. Mwaka 2008 Usangu ikatiwa ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Mwaka 2010 ukafika, na mto ukakauka kama kawaida. Ng'ombe walikwishakwenda, mifereji ilibaki.

Ndege huwasili mwishoni mwa kiangazi, Ihefu ikiwa imekonda kuliko siku zote. Hapo mgeni, mpunga na umeme hugombea maji yale yale. Kitwitwi akikuta tope limekauka, huruka kutafuta jingine. Mfugaji wa Usangu naye alitakiwa kufanya hivyo. Ila yeye hakuwa ndege wa msimu, na hapana upepo uliovuma kumrudisha.