Mahjong ya kwenye simu haikutoka China: Fahamu aliyeibuni na jinsi ya kuicheza

Ukitafuta neno "mahjong" kwenye duka la programu za simu, utaletewa michezo kibao inayofanana: rundo la kete zenye maua, ndege na herufi za Kichina, na kazi yako ni kuzitoa mbili mbili hadi ziishe.

Wengi wanaoucheza wanaamini ni mchezo wa kale wa Wachina. Kumbe sivyo. Kete ni za Kichina kweli, lakini mchezo wenyewe ulitengenezwa kwenye kompyuta nchini Marekani mwaka 1981, na kijana ambaye hakuweza kutumia mikono yake.

Mahjong halisi ni ipi?

Mahjong ya China ilianza karne ya 19. Huchezwa mezani na watu wanne, kwa kete zinazokaribia kufanana na za dhumna. Kila mchezaji anashika kete 13, kisha kwa zamu anaokota moja na kutupa moja, akitafuta kukamilisha seti nne na jozi moja. Kuna ushindani, kuna kumsoma mwenzako, na mara nyingi kuna pesa mezani.

Ile ya kwenye simu unacheza peke yako. Kinachofanana ni kete tu.

Nani aliibuni?

Brodie Lockard alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford na mwanamichezo wa jimnastiki. Mwaka 1979 alipata ajali, akapooza kuanzia shingoni kwenda chini.

Hakuacha kompyuta. Aliandika programu kwa kutumia kijiti alichokishika mdomoni, herufi moja baada ya nyingine. Mchezo wake, aliouita Mah-Jongg, aliutengeneza kwenye PLATO, mfumo wa kompyuta za kufundishia ulioanzia Chuo Kikuu cha Illinois. Baadhi ya skrini za PLATO ziliweza kuguswa, miaka mingi kabla ya simu janja.

Ndiyo maana mchezo huu unakaa vizuri kwenye simu. Hauhitaji kasi wala vidole kumi. Unagusa kete moja, unagusa ya pili, zinaondoka.

Lockard alisema wazo alilitoa kwenye mchezo wa Kichina wa karne nyingi uitwao "Kobe". Madai hayo hayajawahi kuthibitishwa.

Ulisambaaje?

Mwaka 1986 kampuni ya Activision iliutoa kwa jina la Shanghai. Mwaka 1990 Microsoft ikatoa wa kwake, Taipei, kwa watumiaji wa Windows. Baadaye Windows Vista ikaja na Mahjong Titans ndani yake, na watu wengi wakaujua kupitia kompyuta za ofisini. Majina hayo ya Asia yaliufanya uonekane wa kale kuliko ulivyo.

Unachezwaje?

Kete ni 144. Mpangilio maarufu zaidi unaitwa Kobe na una ghorofa tano: 87 chini kabisa, kisha 36, 16, 4, na moja juu.

• Kete iko huru ikiwa haijafunikwa juu, na upande wake wa kushoto au wa kulia uko wazi.
• Kete nyingi ziko nne nne, na lazima picha zifanane.
• Maua manne na misimu minne ni tofauti: ua lolote linaoana na ua lolote, na msimu wowote na msimu wowote, hata kama picha hazifanani.
• Ukiona ndege, mara nyingi hiyo ni mianzi namba 1.

Mbona unakwama?

Kosa la kawaida ni kutoa kila jozi unayoiona. Kabla ya kugusa, jiulize: jozi hii inafungua nini?

Anza na zinazofungua ghorofa za juu na safu ndefu. Kwenye Kobe, usisahau kete zilizochomoza kushoto na kulia, kwa sababu zinafunga safu nzima. Kete nne za aina moja zikiwa huru zote, zitoe zote bila wasiwasi. Zikiwa huru tatu tu, chagua kwa makini, maana ile utakayoiacha itabaki kusubiri mwenzake.

Na wakati mwingine kosa si lako. Kete za Kobe zikichanganywa kiholela, takriban michezo 3 kati ya 100 haimaliziki, hata kwa mtu anayeona kete zote zilizofichwa. Baadhi ya programu hukwepa hilo kwa kupanga kete kinyumenyume, jozi kwa jozi, ili njia ya kumaliza iwepo. Kama ya kwako haifanyi hivyo na umeshakwama mara kadhaa, anzisha mchezo mpya tu.