Nani Ampishe Nani Mlimani?

Ndugu msomaji, ukifika kwenye kipilefti cha mnara wa saa pale Moshi mjini, hujiulizi nani apite kwanza. Ni yule anayetoka kulia kwako. Jina lenyewe kipilefti linatukumbusha Waingereza, waliotuachia desturi ya kushika kushoto. Wenzetu wa Rwanda na Burundi, tuliokuwa nao koloni moja chini ya Wajerumani, waliangukia kwa Wabelgiji, na mpaka leo wanashika kulia.

Lakini acha lami, upande vijijini kule Kibosho, Machame au Marangu. Huko kipilefti hakuna. Migongo ya mlima imetenganishwa na makorongo ya mito, na njia nyingi hufuata mgongo: ama unapanda, ama unashuka. Kushoto kihamba, kulia kihamba, na mpaka wake ni masale. Kupanua njia ni kumega urithi wa mtu.

Njia hizo hazikungoja magari ndipo zipate adabu zake. Kina mama walishuka na ndizi kwenda sokoni, wakapanda na majani ya ng'ombe kutoka tambarare. Mwenye mikono mitupu alimpisha mwenye mzigo kichwani. Hata maji ya mifongo yaligawanywa kwa zamu, kila mtu akingoja siku yake.

Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Wakulima wa kahawa wakaunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU. Kahawa ikaleta malori, na malori yakaleta swali letu.

Mkataba wa kimataifa uliotiwa saini Vienna mwaka 1968 unalo jibu. Penye mlima mkali pasipotosha magari mawili, anayeshuka akae pembeni, anayepanda apite. Ikibidi mmoja arudi nyuma, gari dogo lipishe kubwa, na lori lipishe basi. Yakiwa ya aina moja, arudi anayeshuka, isipokuwa ni dhahiri kwamba mwenzake ataona wepesi zaidi. Sababu yake anaijua kila utingo: anayepanda akisimama, kuondoka tena ni shughuli. Klachi inanuka, magurudumu yanateleza kwenye tope, na jiwe la kuzuia tairi linatafutwa mbio.

Sasa ngoja Desemba, Wachaga wanapotoka Dar es Salaam na kwingineko kwenda nyumbani kula Krismasi. Gari la fahari linashuka, pikapu ya ndizi inapanda. Mwenye fahari anawasha taa na kupiga honi. Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe, naye anadhani walimsema yeye. Taa nazo zina utata: huyu anamaanisha "pita", yule anaelewa "nakuja". Huku mfereji, huku korongo, na katikati yuko bodaboda na abiria wake.

Ndugu msomaji, kipimo si bei ya gari wala cheo cha aliyemo. Kipimo ni nani atataabika zaidi akisimama. Kina mama wa majani walilijua hilo kabla ya Vienna. Isale linaloonyesha mpaka ndilo pia Mchaga humpelekea mwenzake anapoomba msamaha. Afadhali kurudi nyuma hatua ishirini leo, kuliko kwenda kesho na isale mkononi kwenye nyumba ya msiba.