Mizani Pweke, Wala Si Shairi Huru

Faharasa moja ya istilahi za fasihi, inayopita mikononi mwa wanafunzi wetu wa vyuo, inasema John Milton aliitunga Paradise Lost, yaani Pepo Iliyopotea, kwa "shairi huru". Mwanafunzi akishasoma hivyo, kisha akafungua diwani ya Kichomi ya Euphrase Kezilahabi ya mwaka 1974, ataamini kwamba Mwingereza wa karne ya 17 na Mkerewe wa karne ya 20 walipita njia moja. Hawakupita. Kezilahabi aliviacha vina na mizani kwa pamoja. Milton aliacha vina tu. Mizani aliishika, kumi katika kila mstari, mkazo ukija kwa zamu, katika mistari inayozidi 10,000. Kuyaita mashairi ya namna hizi mbili kwa jina moja ni uzembe, na umedumu kwa sababu wanaokaa kwenye kamati za istilahi hawayasomi mashairi wanayoyapa majina.

Neno huru lina asili ya Kiarabu, hurr, mtu asiye mtumwa, na hapo ndipo watetezi wa "shairi huru" hujificha. Husema Milton mwenyewe alidai uhuru. Ni kweli. Kitabu kilipotoka mwaka 1667 wasomaji walishangaa kutosikia vina, na mwaka uliofuata yakaongezwa maelezo mafupi ambamo Milton alidai kwamba vina vilibuniwa katika zama za ushenzi, kwamba ni utumwa, na kwamba yeye analirudishia shairi la kishujaa uhuru wake wa kale, ule wa Homer na Virgil. Sasa, Homer na Virgil walikuwa na arudhi kali kuliko zetu. Hawakuwa na vina, lakini nani atathubutu kusema hawakuwa na mizani? Milton alitaja alichokikataa, nacho ni kimoja.

Waarabu, ambao tumewaazima nusu ya msamiati wetu wa ushairi, hawakuchanganya. Shairi lisilo na urari wa vina wala wa mizani waliliita hurr. Lenye mizani bila kina wakaliita mursal, kutoka mzizi wa r-s-l uliotupa risala, wenye maana ya kutuma na pia ya kuachilia. Ni jina zuri, ila kwetu mursali ni mtume aliyeteremshiwa ujumbe, na hilo halitabanduka. Katika majina yetu wenyewe, masivina angalau linataja kinachokosekana, lakini limekwisha kutwikwa mashairi huru. "Shairi tupu" ni kazi ya mtu aliyelifasiri neno blank katika jina la Kiingereza, blank verse, badala ya dhana: kitu kitupu hakina kitu ndani, na Pepo Iliyopotea imejaa hadi pomoni. Ama "guni", hilo ni lawama. Tangu wazee wetu, guni ni shairi lililovunjika, na mtungaji huambiwa akalirekebishe. Milton hakuvunja kitu.

Jina ninalolitetea ni mizani pweke. Mizani ni Kiarabu, mizan, kutoka w-z-n, kupima uzito. Sisi tukaipeleka kwenye hesabu ya silabi. Pweke ni Kibantu chetu, ndugu wa peke, pekee na upweke. Nililipeleka pendekezo hili katika kikao cha istilahi, likapitwa kwa hoja moja tu, kwamba "pweke linatia huzuni". Hoja hiyo haina uzito. Pweke maana yake ya kwanza ni kukosa mwenza, na katika ushairi wetu vina na mizani hutajwa kwa pumzi moja kama mume na mke. Kimoja kikiondoka, kinachobaki ni pweke. Jina jingine litalieleza jambo hili kwa usahihi gani zaidi?

Tazameni shairi la Milton linavyoanza. Sentensi ya kwanza inachukua mistari 16, na kitenzi chake kikuu, cha kumwomba malaika wa ushairi aimbe, hakifiki mpaka mstari wa 6. Mstari wa kwanza unataja uasi wa mwanadamu kisha unaishia kwenye neno tunda. Msikilizaji anadhani ni tunda la uasi, yaani matokeo yake. Mstari wa pili unakuja na mti uliokatazwa, na tunda linageuka kuwa lile la Edeni. Maana mbili zimeshikwa na neno moja kwenye ukingo wa mshororo mshata. Kungekuwa na kina pale, sikio lingefunga mlango, na maana ya pili ingebisha hodi imechelewa. Lakini bila mizani kusingekuwa na ukingo wenyewe. Wapo waliojaribu kuvirudisha vina: mshairi wa zama zake, John Dryden, alilitengeneza shairi hilo kuwa tamthilia ya vina, ikachapishwa mwaka 1677, na haikuwahi kuchezwa jukwaani.

Wala tusiambiwe Kiswahili hakiwezi. Julius Nyerere alimfasiri Shakespeare kwa mistari isiyo na vina, Julius Caezar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Miaka mingi baadaye aliitia Injili katika tenzi zenye vina. Mkono ni ule ule. Alijua kila kazi inataka nini, na alilijua hilo bila kusubiri kamati.

Matumizi: shairi la mizani pweke, tamthilia ya mizani pweke, kutunga kwa mizani pweke.

Walimu wenzangu, na ninyi mnaohariri faharasa, toleo lijalo likienda mitamboni, ondoeni "shairi huru" mbele ya jina la Milton. Kama mizani pweke haliwapendezi, leteni lililo bora, mlitetee hadharani, na mtie sahihi zenu.